Utafiti wa Mji wa Kale Uanzie Barazani

Lau Mwalimu Sikujua bin Abdallah asingalijishughulisha, katika nusu ya pili ya karne ya 19, kuzikusanya tungo za Muyaka bin Haji zilizokuwa zimebaki katika vifua vya wazee wa Mombasa, leo tungalimtaja mshairi huyo, aliyefariki yapata mwaka 1840, kama tunavyotaja majina ya nasaba, bila ya kujua alisema nini. Mwalimu huyo, aliyefariki mwaka 1890, alikuwa mwenyeji wa Mvita, yaani Mombasa, akivijua visa na vita vilivyozaa beti zile, ndipo akaweza kumfafanulia mmishonari William Taylor yale ambayo hakuna kamusi ingalimfafanulia. Kazi ilikuwa ya wawili, lakini karatasi zilisafiri na mmoja: hati za Taylor zimo London, katika maktaba ya chuo cha SOAS, na diwani ya Muyaka iliyotengenezwa na William Hichens ilipigwa chapa Johannesburg mwaka 1940.

Silitaji jambo hili kwa kinyongo, kwani yamkini hati hizo zingalibaki hapa zingaliliwa na mchwa. Nalitaja kwa sababu mgawanyo ule, mwenyeji akitoa maarifa na mgeni akimiliki karatasi, haujakoma.

Zitazameni nyumba zetu. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliokandikwa chokaa huvuta unyevu kisha ukautoa, na kwa sababu hiyo umestahimili hewa ya chumvi kwa vizazi. Ukipakwa saruji, unyevu hufungika ndani, chumvi ikalila jiwe, na lipu ikabambuka pamoja na vipande vya ukuta. Fundi mzee wa chokaa anayajua haya, kama ajuavyo kwamba vyumba vyetu ni vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Ngome ya Yesu iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, na Mji wa Kale wa Mombasa nao una himaya yake ya sheria. Lakini sheria yalinda sura ya jengo, wala haimlindi yule ajuaye kulitengeneza, ambaye akifa huzikwa na ilmu yake.

Kadhalika baharini. Wavuvi wetu huyapima maji kwa bamvua na maji mafu, na wako wazee, ingawa ni wachache, waijuao hesabu ya Nairuzi iugawayo mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi. Mtafiti atokaye mbali, ambaye ruhusa na fedha zake zina mwisho, aghalabu hufika wakati wa kaskazi akaondoka kabla kusi haijakaza, ilhali mvuvi ameziona pepo zote mbili tangu utotoni. Basi ni nani kati yao anayefaa kuamua ni swali gani liulizwe?

Njia iliyo sawa tumekwisha kuonyeshwa. Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Matondoni, Lamu, mwaka 1927 na kufanya kazi miaka mingi Mombasa hadi alipofariki mwaka 2017, aliziweka istilahi za waunda vyombo katika utenzi wa Sambo ya Kiwandeo, na za mnazi katika Umbuji wa Mnazi. Aliuliza kama mwana amuulizavyo ami yake, kisha akarudisha jibu kwa nudhumu ambayo watu waweza kuihifadhi kwa moyo. (Hata hivyo Sambo ilichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1979!)

Mwaka 2016 Kenya ilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi, ambayo yazitaka serikali za kaunti ziweke daftari la maarifa hayo, na yamtaka anayetaka kuyatumia apate kwanza ridhaa ya wenyewe. Daftari likiandikwa na karani ofisini litakuwa orodha tu. Naiomba Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilitie mikononi mwa baraza la Mji wa Kale, wakiwamo mafundi, wavuvi, walimu wa vyuo na mabibi wajuao khabari za lelemama na dawa za nyumbani. Vijana wetu waliosoma walipwe ujira wa kuandika. Na kila mtafiti, awe wa Nairobi au wa ng'ambo, asipewe ridhaa mpaka akubali kuacha nakala ya kazi yake hapa mjini, kwa Kiswahili.