UMEMPA UNGA AU UMENUNUA PICHA?



Siku hizi mjane hapati pakiti mbili za unga mpaka asimamishwe mbele ya watu, ashikishwe unga, aambiwe atabasamu, apigwe picha. Kabla hajafika nyumbani, uso wake uko Facebook. Kesho watoto wake wanachekwa shuleni. Mpendwa, huo si msaada. Hiyo ni biashara: umetoa unga, umechukua heshima yake.

Najua utanijibu kwa Mathayo 5:16, kwamba nuru yetu iangaze. Amina, lakini soma mpaka mwisho! Anayetukuzwa pale ni Baba wa mbinguni, si wewe wala kamati yako. Kisha endelea hadi sura ya 6, mstari wa 1 hadi 4. Anayetoa ili aonekane ameshalipwa. Zile laiki ndizo mshahara wako, usingoje mwingine.

Anania na Safira walileta pesa za kweli (Matendo 5). Hawakuangushwa na udogo wa sadaka. Walitaka sifa kama ya Barnaba bila moyo wa Barnaba, wakamdanganya Roho Mtakatifu.

Sisemi tuache kutoa. Wenye njaa ni wengi. Ila wiki hii jipime: peleka unga jioni, simu ukiiacha nyumbani, na usimwambie mtu, hata mchungaji wako. Ukiona moyo unakuwasha kusema, basi hapo ndipo pa kupigia magoti.

Mungu aonaye sirini akubariki.