Shamari kwa Mtoto Mchanga: Tuzuie Mkono

Ndugu msomaji, katika nyumba zetu nyingi mtoto akilia usiku husemwa ana chango, na mara bibi huchemsha shamari (wengine huiita bizari tamu), maji yakipoa mtoto hunyweshwa kwa kijiko. Mimi nasema tuache, na sababu ninazo.

Harufu tamu ya shamari hutokana na kitu kiitwacho anetholi, ambacho kimo pia katika yansuni. Anetholi huweza kuiga, japo kwa udhaifu, kazi ya estrojeni, yaani homoni ya kike. Panya majike wasiokomaa walipopewa, mfuko wao wa uzazi uliongezeka uzito. Utasema panya si binti yako, na ni kweli. Lakini mwaka 2008 madaktari wa Uturuki waliandika habari za watoto wa kike waliokunywa chai ya shamari kwa muda mrefu, matiti yao yakaanza kukua kabla ya wakati. Ilipoachwa, yakapungua. Ni watoto wachache, hawatoshi kukata hukumu. Wanatosha kututia tahadhari. Shirika la dawa la Umoja wa Ulaya halishauri chai hiyo kwa walio chini ya miaka 4.

Basi usiende kumwaga bizari zako! Punje chache ndani ya mchuzi wa familia si hoja yangu. Hoja ni kijiko cha kila siku kwa mtoto wa kilo nne.

Mama mkwe atakuambia, "Mbona wanangu wote niliwalea nayo?" Mjibu kwa adabu kwamba tumbo la mchanga ni dogo, likijaa chai, ziwa hukataliwa, na maji yasiyo safi huleta kuharisha. Miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama pekee yanatosha. Aya ya 233 ya Suratul Baqara imezungumzia kunyonya hadi miaka miwili kamili, nasi tunamjaza mtoto maji ya bizari!

Tena, matiti ya mchanga, wa kike au wa kiume, huweza kuvimba wiki za mwanzo kwa homoni za mama yake. Hayo si maradhi. Msiyakamue, kwani kukamua huleta jipu. Ila binti wa chini ya miaka 8 akianza kuota matiti, mleteni kituo cha afya, na mtutajie kila anachonyweshwa na kupakwa nyumbani, hata kama ni dawa ya bibi.