Unajifunza kuandika programu? Usikose daftari

Kijana mmoja wa hapa Garsen alinijia akilalamika kuumwa na kichwa, macho kumwasha na kukosa usingizi. Nyumbani walikuwa wamemnunulia dawa za malaria dukani mara mbili. Nilipompima sikuona malaria, na shinikizo lake la damu lilikuwa sawa.

Nikamwuliza usiku hufanya nini. Akanieleza kwamba babake aliuza ng'ombe wawili ili amnunulie kompyuta, naye anajifunza kuandika programu. Mchana joto la nyumba ya mabati halimpi nafasi, kwa hivyo yeye hukesha hadi alfajiri.

"Daktari, huu ni mwezi wa tano na bado sijui kitu," akasema. Alikuwa ameazimia kuacha, ila hakujua atamwambia nini mzee.

Nilimwuliza wiki ya kwanza alijifunza nini. Hakukumbuka, wala hakuwa ameandika popote.

Hapo ndipo penye tatizo. Sisi madaktari hatuwezi kujua kama mgonjwa anapata nafuu bila kutazama faili yake. Vivyo hivyo, mwanafunzi asiye na daftari hujipima kwa kushindwa kwa usiku mmoja tu. Na katika kazi ya programu, ni nadra usiku kupita bila kushindwa na jambo fulani.

Sisi wa Tana River tunajua jambo hili kutokana na mto wetu. Kina cha maji hupimwa hapa Garsen. Kipimo cha siku moja hakikwambii mengi, bali vipimo vya siku baada ya siku ndivyo huonyesha kama maji yanapanda au yanashuka.

Hata mabingwa waliandika. Mnamo Septemba 9, 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta nondo amekwama ndani ya mashine. Walimbandika kwenye daftari lao la kazi na kuandika maelezo kando yake. Ikiwa wao waliweka rekodi ya kosa, sembuse wewe unayeanza?

Nunua daftari la shule na kalamu. Kila unapomaliza, tumia dakika kumi kuandika mambo matano: ulijaribu nini, kosa gani lilitokea, ulilitatua vipi, kesho utaanzia wapi, na ulianza saa ngapi ukalala saa ngapi.

Hilo la nne lina manufaa kwa usingizi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walichapisha utafiti mdogo wa vijana 57. Walioandika kwa dakika tano kabla ya kulala mambo waliyopaswa kufanya siku zijazo walishikwa na usingizi mapema kuliko walioandika yale waliyokwisha kuyamaliza.

Wengine watasema kompyuta yenyewe huhifadhi kila kitu. La hasha! Huhifadhi programu yako, lakini haitakwambia kwamba ulikosea kwa sababu hukuwa umelala siku tatu. Isitoshe, daftari halihitaji umeme. Litie ndani ya mfuko wa plastiki tu, maana mafuriko ya 2023 na 2024 tuliyaona sote.

Hata hivyo, daftari si dawa ya kila kitu. Huzuni ikidumu wiki mbili, au ukianza kuwaza kujidhuru, usingoje. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Macho nayo yakiendelea kuuma, yapimwe.

Nanyi wazazi, msimwulize mtoto kila jioni kama ameshapata pesa. Mwambieni awaonyeshe daftari.

Kijana yule alirudi baada ya mwezi mmoja na kurasa thelathini. Kurasa hizo zilimfunza jambo ambalo mimi nisingeweza kumwambia: makosa yaliyomtesa baada ya saa sita usiku, mengi aliyatatua asubuhi kwa muda mfupi. Sasa hulala mapema na kuamka alfajiri kabla jua halijakuwa kali. Kichwa kimeacha kumwuma.

Babake hajui kusoma. Lakini aliniambia kwamba amezihesabu kurasa zile mwenyewe, na hajutii ng'ombe wake.