Sanamu za Taifa ni Mali ya Wananchi

Mgeni atokaye Visiwani akifika Dodoma hakosi kupita Viwanja vya Nyerere, katikati ya mji, na kuitazama sanamu ya Mwalimu. Hapo huzuka swali ambalo wanaoujenga Mji Mkuu hawana budi kulijibu: ni nani anayeamua sura ya Taifa katika mawe na shaba?

Swali hili si la anasa. Tarehe 18 Februari 2024 sanamu ya Mwalimu Julius Nyerere ilizinduliwa katika makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa. Wananchi wengi walilalamika kwamba sura ile si ya Mwalimu wanayemfahamu. Lawama hizo zilitolewa baada ya kitambaa kuondolewa, wakati kazi imekwisha.

Nairobi nako kuna Mnara wa Nyayo, uliosimamishwa mwaka 1988 kuadhimisha miaka 10 ya utawala wa Rais Daniel arap Moi. Mkono ulioshika rungu unachomoza mlimani. Kwa waliousimamisha, hiyo ilikuwa ishara ya uongozi imara. Kwa waliopinga utawala ule, ilikuwa ishara ya mabavu.

TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia Makao Makuu Dodoma, moja ya sababu ilikuwa kuisogeza Serikali karibu na wananchi wa pande zote. Leo mji wa Serikali unaendelea kujengwa Mtumba. Jamhuri hii ilizaliwa tarehe 26 Aprili 1964 kwa makubaliano ya Mwalimu na Mzee Abeid Amani Karume. Kwa hiyo mwananchi wa Unguja au Pemba anayo haki ya kujiona katika alama za mji huo, na kuulizwa kabla hazijasimamishwa.

Tunashauri kwamba kila sanamu au mnara wa Taifa uanze kwa mashindano ya wasanii wazalendo. Mifano midogo ioneshwe hadharani Dodoma, Dar es Salaam, Unguja na Pemba, na gharama zitangazwe. Wapo watakaosema kwamba sanaa haifanywi kwa kura. Ni kweli, na patasi ibaki mkononi mwa msanii. Lakini fedha ni za umma, na kumbukumbu ni ya umma.

Heri lawama juu ya mfano wa udongo, unaoweza kufinyangwa upya, kuliko juu ya shaba iliyokwisha kuganda.