Waraka kwa Wanachama: Tusifute Tusichokijua

Kwa masensei, masenpai na wanafunzi wote wa klabu yetu ya karate, wa Mji wa Kale wa Mombasa na wanaovuka feri kutoka Likoni,

 

Kikaoni juzi lilitolewa pendekezo kwamba kata mbili (mifuatano ya mbinu tunayoikariri), Wankan na Jiin, ziondolewe katika mtaala wetu. Hoja zilikuwa tatu: mashindanoni hazichezwi, mtihani wa mikanda hauziulizi, na wanaozikumbuka ni wachache. Zote ni kweli, na siandiki kuzipinga. Naandika kuwaomba tusipige kura kabla ya kujua tunapigia kura kitu gani.

Kupunguza kata si jambo geni, wala si kosa. Funakoshi Gichin, mwasisi wa mtindo wetu wa Shotokan, katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1935, aliweka kata 15 tu. Leo Shotokan ya Chama cha Karate cha Japani (JKA) ina 26. Otsuka Hironori, mwasisi wa Wado-ryu, aliona tisa zinatosha umri mzima wa mtu. Mabuni Kenwa alishika njia nyingine: alizikusanya kata za walimu wake wawili, Itosu na Higaonna, na mtindo wake wa Shito-ryu una zaidi ya 50. Hawa walihitilafiana kwa hesabu, lakini kila mmoja alijua alichokishika na alichokiacha. Huko ndiko kupunguza. Kupoteza ni kitu kingine, na ndicho ninachokihofia kwetu.

Angalieni kupoteza kunavyoanza. Itosu Anko alipotunga Pinan tano, ambazo sisi twaziita Heian, mnamo 1905, alikuwa akitafuta mazoezi yanayowafaa watoto wa shule wa Okinawa. Darasa la watoto wengi huenda kwa kuhesabiwa: moja, mbili, tatu. Mwalimu hapati nafasi ya kumshika kila mmoja mkono na kumwambia, “Hapa umekamatwa kifundo, hapa ndipo unapojinasua.” Itosu mwenyewe aliijua hatari hiyo. Katika waraka wake wa Oktoba 1908 alimtaka mwanafunzi aamue kwanza: kata hii naifanya kujenga mwili, au naifanya niitumie?

Kisha yakaja mashindano, na jicho la jaji likawa ndilo mwalimu. Unsu ina mruko wa kugeuka hewani, kwa hivyo vijana wetu wanaitaka hata kabla kiuno hakijakomaa. Wankan ni kata fupi. Mchezaji huimaliza jaji hajakaa vizuri kitini. Jiin huanza kwa ngumi iliyofunikwa na kiganja, kama Jion na Jitte, basi mtu huiona ni kivuli cha dada zake. Kata zote mbili hazina cha kumvutia mtazamaji. Kilichobaki ndani yake ni maana, na maana ndiyo tuliyoacha kuifundisha. Kwa hivyo jina la kata hufutwa mwisho kabisa, wakati bunkai yake, yaani maelezo ya matumizi yake, imeshatoka vichwani mwetu miaka mingi nyuma. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sisi watu wa kisiwa hiki tuna mfano wetu. Mshairi Muyaka bin Haji alifariki mnamo 1840, na mashairi yake mengi yalibaki midomoni mwa watu. Baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya, akayapitia pamoja na mmisionari W. E. Taylor, na maelezo yakaandikwa: neno hili lina maana gani, beti hizi zilimlenga nani, wakati ule Mazrui wa Ngomeni walikuwa na ugomvi gani na Sultani Seyyid Said. Diwani ilichapishwa mwaka 1940, karne nzima baada ya mshairi kwenda zake. Lau Sikujua angehifadhi maneno bila maelezo, leo tungekuwa na beti zenye vina vizuri tusizozielewa, na mtu angesimama kikaoni akasema hazina faida. Hivyo ndivyo tunavyotaka kuifanyia Jiin.

Kwa hivyo nawaomba mambo matatu.

La kwanza: anayetaka kata ifutwe asimame na mwenzake wa kumshambulia, atuonyeshe matumizi ya mbinu tatu zilizomo ndani yake. Akiweza, tutamsikiliza kwa heshima, na huenda tukakubaliana naye. Ikiwa hakuna hata mmoja wetu anayeweza, basi hatuna haki ya kuifuta, maana hatujui tunachokitupa.

La pili: kila mwenye mkanda mweusi achukue kata moja isiyoulizwa mtihanini, iwe amana yake. Aichunguze, aifundishe watu wawili, nao waifundishe wengine. Hatulazimishi watoto wote wajifunze zote. Twataka kila kata iwe na mwenyewe.

La tatu: twende kwa wazee wetu waliotutangulia kwenye mkeka, hasa wale ambao magoti hayawaruhusu tena. Tupeleke kahawa na halua, tuketi nao barazani, tuulize. Mkirekodi kwa simu, msirekodi mwendo peke yake. Video huonyesha mkono ulikokwenda. Kwa nini ulikwenda huko, lazima mzee aseme kwa mdomo wake.

Tukishafanya haya, tukutane tena tupige kura. Tutakachokiacha wakati huo, tutakiacha kwa macho mawili.

Tunaanza Jumamosi baada ya Alasiri. Daftari la amana liko mlangoni, kando ya rafu ya viatu. Wankan nimejiandikia mimi. Jiin bado haina mwenyewe.

Wasalaam,
Ndugu yenu katika mazoezi