Mgeni Asipotee Ndani ya Telefone



Juma hili tuzungumze juu ya jambo lililotuumiza. Katika likelemba yetu kuna mama muuza mawese. Feza zake zilifika kwa telefone. Alipofungua, ilikuja mistari saba ya Kifaransa, naye anasoma Kiswahili tu. Akampa telefone kijana aliyekuwa karibu, akamtajia na namba ya siri. Kijana akasema: «Rezo hakuna, mama, rudi kesho.» Kesho yake feza hazikuwamo. Zilikuwa za zamu yake ya likelemba na za yunifomu za watoto.

Watu wakasema ni ujinga wake. Sisi tunakataa. Mama huyu anahesabu bidoni na franka kichwani kuliko wengi wetu. Alikuwa mgeni, na mlango haukumwonyesha pa kukanyaga.

Kwetu mgeni anapiga hodi, anaitikiwa karibu, anapewa kiti na maji. Hata kama hajawahi kufika nyumba ile, anajua mambo yatakwendaje, kwa sababu nyumba nyingine hufanya vilevile. Soko nalo ni hivyo: mama anayetoka Kabambare haulizi sana akifika, maana samaki wanakaa na samaki, chumvi na chumvi. Kurasa za intaneti zinataka hekima hiyohiyo. Mtaalamu Jakob Nielsen amefundisha kwamba watu wanapitisha muda wao mwingi kwenye kurasa za wengine. Kwa hiyo wanataka ukurasa wako ufanye kazi kama zile wanazozijua tayari.

Lakini wanaozijua ni nani? Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ilitoa kompyuta yenye picha za vitu vya ofisi, kama karatasi na mafaili. Karani alielewa. Mama wa shamba hakukaa ofisini; yeye anajua kapu, nyumba, na zaidi ya yote anajua sauti. WhatsApp iliweka ujumbe wa sauti mwaka 2013. Tazameni wamama wasiosoma: wanabonyeza, wanasema, wanaachilia. Hawakuhitaji semina.

Lugha pia. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa letu. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, Facebook ikafuata mwaka 2009. Ni vizuri, lakini neno liwe lile tunalosema. Ukiandika «nywila», mama wa Kabambare atasimama. Ukiandika «namba ya siri», atapita.

Basi, vijana wetu mnaotengeneza kurasa, tunawaomba haya. Mstari wa kwanza useme hapa ni wapi na mtu anaweza kufanya nini. Wekeni mambo matatu au manne, si ishirini. Njia ya kurudi nyuma ionekane, maana mgeni anaogopa kuharibu. Picha ziwe nyepesi, kwani mega ni feza. Tena, kabla ya kufungulia watu, mpeni mama mmoja telefone, nyamazeni, mtazame kidole chake. Pale kinaposimama ndipo penye kosa, na kosa si lake.

Sisi waalimu nasi tuna kosa. Mama akituomba msaada, tulikuwa tunachukua telefone, tunabonyeza haraka, tunamrudishia. Alisaidiwa, lakini hakujifunza. Sasa tumebadilisha. Telefone inabaki mkononi mwake, sisi tunaonyesha tu. Tumechora hatua kwenye karatasi, moja chini ya nyingine: mstari wa kutuma, mstari wa kutoa, mstari wa kuangalia salio. Namba ya siri hatuichori, na hatutaki kuisikia.

Juma lililopita mama wa mawese alimtumia dada yake franka kidogo, akarudia mara ya pili. Alipofika kwenye namba ya siri alitugeuzia mgongo, akafunika telefone kwa kiganja. Wengine walicheka. Sisi tulifurahi kuliko siku ya kutoa matokeo ya darasa.

Kazi ya juma hili, wamama: kila anayejua akae na mmoja asiyejua. Mikono yako iweke mapajani. Mwache abonyeze yeye.