Sijapima, na msinisukume

Tangu daktari atamke kwamba baba ana ugonjwa wa Huntington, mashangazi zangu wamegeuka washauri. "Kapime, mwanangu, ujijue." Hata upande wa mchumba wangu wamemtuma mshenga aulizie. Nina miaka 31, sijapima, na sioni kwa nini nisukumwe.

Baba alikuwa fundi cherehani hapa Moshi. Ilianza tabia kabla ya mwili: mtu mpole akawa mkali, akasahau oda, akakata vitambaa vya wateja ovyo. Kisha vidole, mabega, hata nyusi, vikawa vinarukaruka vyenyewe, na mwendo ukawa wa kupepesuka. Mtaani wakasema pombe, mzee ambaye mbege yenyewe hanywi! Wengine wakasema pepo.

Kumbe ni jeni moja, kwenye kromosomu ya 4. Ndani yake herufi tatu za kinasaba, CAG, hujirudia kupita kiasi. Zikijirudia mara 40 au zaidi, ugonjwa utamfika mtu akijaliwa umri, mara nyingi kati ya miaka 30 na 50. Protini inayotokana na jeni hiyo ina kasoro, nayo huua polepole seli za ubongo, hasa zile za ndani zinazoratibu mienendo na kushiriki katika hisia na kupanga mambo. Hasira ya baba na kurukaruka kwake ni kitu kimoja. Kila mtoto wa mgonjwa, wa kike kwa wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi jeni hiyo.

Jeni hiyo ilipatikana mwaka 1993, baada ya familia za kando ya ziwa Maracaibo, Venezuela, kutoa damu yao kwa watafiti wakiongozwa na Nancy Wexler, ambaye mama yake alikufa kwa ugonjwa huuhuu.

Shangazi mmoja hunitajia VVU: mbona watu wanapima? Naam, lakini anayekutwa na VVU anatoka na dawa za kumwezesha kuishi. Huntington hauna dawa ya kuuzuia. Zipo za kupunguza mirusho na sonona tu. Anayetaka kujua kabla ya kuzaa, apime, ni haki yake. Ila hata katika nchi ambako kipimo kinapatikana kwa urahisi, watoto wengi wa wagonjwa hawapimi, na si kwa ujinga.

Wasiwasi huo wote ungemfaa baba zaidi. Kurukaruka kunaunguza nguvu, anakonda ingawa anakula. Kumeza kunamshinda, na chakula kikipitia njia ya hewa huleta nimonia, ambayo ndiyo huwamaliza wengi wao. Anahitaji mtori laini, aketi wima, kijiko kimoja kimoja, bila haraka. Mama amechoka. Shangazi anayetaka kujua damu yangu ina nini, aje Jumamosi amlishe kaka yake.